Mfereji wa Siakago Uelekee Wapi?



Mtakumbuka kwamba niliwahi kuandika katika safu hii juu ya msikiti mdogo wa Siakago, katika nchi ya Wambeere, kaunti ya Embu, na juu ya kisima ambacho jamaa zetu wa pwani wamekichangia. Kila mwaka huenda huko siku chache kusomesha, na mara ya mwisho nilikaa zaidi kwa sababu ya kisima hicho. Alhamdulillah, maji yamepatikana na tangi limeinuliwa. Lililobaki ni mfereji, na mfereji ndio ulioleta barua ninayoijibu leo.

Barua imetoka kwa mama mmoja wa Mombasa. Jina lake na mtaa wake nimevisitiri. Mama huyu alitoa mchango kwa niaba ya marehemu mamake, kisha akapata habari kwamba mfereji hautawekwa ndani ya ua wa msikiti peke yake, bali mwingine utatoka nje ya ukuta, uelekee uwanja wa soko. Hakupendezwa. Anasema, na nayafupisha maneno yake kwa heshima, kwamba ana kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye alikuwa fundi mzuri wa nyaya za umeme, na leo hashiki kazi, halali usiku, na mchana haonekani ila maskani, shavu limejaa muguka. Muguka huo watoka Mbeere. Watoka, kwa hakika, katika masoko kama hilo la Siakago. Basi anauliza: Sheikh, sadaka ya mamangu iende kuwanywesha maji wale wanaoniulia mwanangu?

Swali hili halikuniacha nilale vizuri. Wengi wenu mwalijua jina la Mbeere kwa ajili ya jani hilo tu. Mnakumbuka Mei 2024, gavana wetu wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, serikali ya Nairobi ikakataa, na mahakama ya Embu ikasimamisha marufuku ile. Wiki zile nyumba zetu za pwani na mashamba ya huko bara zilitazamana kama maadui. Sitaki kulifanya jambo hilo dogo. Lakini kabla ya kumjibu mama yangu huyu, naomba aniruhusu nimsimulie habari ya uwanja mmoja anaoujua sana, ambao huenda ameupita mara elfu bila kuuangalia.

Habari yenyewe ilianzia Siakago. Kamati ya msikiti iliwaita majirani wa sokoni tuzungumzie mahali pa kuweka mfereji, na akaja mzee mmoja, si Mwislamu, mwenye koti zito katika jua lile. Tulipomaliza maelezo yetu akanyanyua mkono. Alisema kwamba katika ujana wake alikuwa mchukuzi Kilindini, na siku za mapumziko alikuwa akienda kukaa katika bustani iliyo nyuma ya zile pembe za ndovu. Hapo palikuwa na chemchemi ya kujengwa, yenye umbo la bara la Afrika, ikirusha maji juu. Akasema, "Sheikh, kama mnatuwekea maji, basi tuwekeeni kama yale ya Mombasa. Na sisi tuwe na uwanja."

Vijana walicheka. Mji ambao wanawake wanabeba mitungi ya lita ishirini kwa migongo, kamba ikiwakata kipaji cha uso, sasa unaomba maji ya kurushwa hewani! Mimi nilicheka pia, kisha nikajuta, kwa kuwa mzee hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa akikumbuka mahali ambapo kijana mchukuzi, asiye na jamaa wala pesa, aliruhusiwa kukaa mbele ya maji bila mtu kumuuliza yeye ni nani.

Bustani hiyo ni ile ya Uhuru, kando ya barabara ya Moi, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Kilindini Road. Pembe zenyewe zilianza kusimamishwa mwaka 1952 kwa ajili ya ugeni wa kifalme wa Kiingereza, na mwaka 1956, alipokuja Princess Margaret, barabara ikapambwa tena kwa ajili yake. Uhuru ulipokuja, bustani ya pembeni ikapewa jina la uhuru, na chemchemi ikachongwa kwa umbo la bara zima. Ni wazo zuri kwa mji wa bandari: kila abiria atokaye melini aione Afrika ikitiririka maji. Lakini mimi katika miaka yangu ya kupita pale nimeiona ikiwa kavu mara nyingi kuliko nilivyoiona na maji, na kwa muda mrefu vibanda vya vinyago viliizunguka bustani hata mgeni hakujua kwamba nyuma yake pana bustani. Pembe zinapigwa picha kila siku. Chemchemi hakuna aiulizaye, ila mzee mmoja wa Siakago.

Na tusisahau maji ya Mombasa yenyewe yatoka wapi. Kisiwa chetu hakina mto. Wazee walitegemea visima, na maji mengine yalikuwa ya chumvi. Katika miaka ya 1950 ndipo bomba kubwa lilipovuta maji kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo, safari ya zaidi ya kilomita 200 kuteremka hadi pwani. Maji hayo ni mvua iliyonyesha juu ya milima ya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, ikaibuka Mzima. Mmasai na Mtaita hawakutuuliza dini yetu. Wala Mbeere hakutuuliza, maana umeme wetu nao watoka kwake kwa sehemu: mto Tana, mpakani mwa nchi yake, umezuiliwa kwa mabwawa matano, Kindaruma tangu 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Maji yamejaa bondeni, nyaya zinapita juu ya vichwa vya watu, na Siakago mwanamke anatembea na punda kutafuta mtungi wa maji. Nimelisema hili kwa sababu hesabu ya nani amemnufaisha nani si nyepesi kama tunavyoidhania tukiwa tumekasirika.

Sasa tuvuke bahari kidogo, twende Unguja, kwa kuwa huko historia ya uwanja na maji yake iko wazi zaidi. Mwisho wa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia mji wa Zanzibar, na kikaendelea hadi 1870. Daktari mmoja wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa akiishi mjini wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya msiba huo na kukichapisha mwaka 1876. Watu walikufa kwa maelfu. Walikuwa wakinywa maji ya visima vifupi vilivyo jirani na vyoo na makaburi, na hakuna aliyejua kwa yakini kwamba mauti yamo ndani ya kata ya maji. Katika mwaka huo huo wa 1870 Sayyid Barghash bin Said alishika utawala, akatawala hadi 1888. Watu humkumbuka kwa Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lenye nguzo na roshani. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine: aliyavuta maji safi kutoka chemchemi ya Bububu, kaskazini ya mji, hadi ndani ya mitaa ya Mji Mkongwe. Mtumwa, mpagazi, Mhindi wa dukani, baharia wa Kingazija, wote wakawa wanateka maji yale yale.

Na tazameni Mola alivyopanga. Jumba la ajabu lilibomoka sehemu yake mwezi Desemba 2020, roho zikapotea, Mwenyezi Mungu awarehemu. Fikra ya maji ya Bububu haikubomoka.

Mbele ya jumba hilo, baina ya Ngome Kongwe na bahari, ndipo Forodhani. Jina lasema lenyewe: palikuwa na forodha, bidhaa zikihesabiwa na kutozwa ushuru, na baadaye reli ya Bububu ikapita hapo kuanzia 1905. Bandari ilipohamishiwa Malindi, mahali pakabaki wazi, na katika mwaka 1936, Sultan Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala, pakafunguliwa bustani ya jubilii, na jukwaa la bendi katikati. Ilipofika 1956, mgeni yule yule wa Mombasa, Princess Margaret, akajengewa hapo kibanda cheupe cha matao kando ya maji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la jubilii likaondoka, na jina la kale la forodha, jina la kazi na jasho, ndilo lililobaki midomoni. Watawala wanaweza kutia majina. Wauza urojo na wapiga soga ndio wanaoyathibitisha.

Bustani ile ilichakaa. Kisha kati ya Januari 2008 na Julai 2009 ilifungwa na kutengenezwa upya chini ya taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni. Niliizuru baada ya hapo pamoja na watu wa nyumbani kwangu. Kilichonifurahisha si taa wala viti. Nilipouliza kazi ilikuwa nini, niliambiwa habari za ukuta wa bahari, mifereji ya maji machafu, nyaya za chini ya ardhi, mambo ambayo hayaingii katika picha hata moja. Uwanja haufi kwa kukosa mapambo, hufa kwa kukosa mtu wa kufungua kifuniko cha shimo na kutoa takataka.

Kuna jambo la pili, nalo nitalieleza kwa bustani ya Nairobi, ambayo wengi wenu mmepumzika hapo mkielekea Msikiti wa Jamia au mkingojea gari. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa watu wa mji mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara Mwislamu wa jamaa ya Bohora, mzaliwa wa Karachi, yule aliyeanzisha gazeti la African Standard hapa kwetu Mombasa. Alitoa ardhi katikati ya mji ambao wakubwa wake walimkataza Mhindi na Mwafrika mambo mengi. Alifariki mwaka 1936. Ilipofika 1991 pakatolewa mpango wa kujenga juu ya bustani ile jengo la maegesho ya magari na maduka. Mwanamke ndiye aliyesimama mbele: mjukuu wake, Zarina Patel, pamoja na wananchi wengine, wakapiga kelele mpaka mpango ukaachwa. Leo mchana mtaona wanafunzi wamelala majanini, wahubiri wa kila dini wakipaza sauti, na makundi ya watu wakijadili siasa bila kiingilio. Jeevanjee hakuandika kwamba bustani ni ya Mabohora. Lau angaliandika hivyo, sijui mwaka 1991 nani angalikuja kuitetea.

Basi, mama yangu, narudi kwako.

Wajua kisa cha Sayyidna Uthman, radhiyallahu anhu, na kisima cha Ruma mjini Madina. Maji yalikuwa yakiuzwa, na maskini waliona shida. Akakinunua kwa mali yake, kisha akakiachia watu, naye akateka kama mtu mwingine yeyote. Wajua pia habari ya Bibi Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, aliyefikwa na mauti mwaka 831 wa Miladi. Alipoona mahujaji wa Makka wanavyoteseka kwa kiu, aliamuru maji yaletwe kutoka mabondeni kwa mifereji iliyochongwa majabalini, na yasimuliwa kwamba mafundi walipomwonya juu ya gharama, alisema kazi iendelee hata kila pigo la sururu likimla dinari nzima. Maji yake yaliwanywesha watu kwa zaidi ya miaka elfu. Katika mahujaji hao wote, fikiria wangapi walikuwa wevi, wangapi walikuwa wamewadhulumu mama zao. Bibi Zubayda hakuweka bawabu wa kuwauliza.

Na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alipoulizwa na Saad bin Ubada juu ya sadaka iliyo bora ya kumtolea mamake aliyefariki, alimwelekeza kwenye maji. Naye ndiye aliyetufahamisha habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza khofu yake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Ikiwa mbwa ana thawabu, muuza muguka naye ni mwanadamu mwenye kiu.

Lakini sitaki kukufunga mdomo kwa dalili kana kwamba machungu yako ni makosa. Si makosa. Mwanao ni amana yako, na jani lile limemla. Nilikaa na wakulima wawili wa huko, nikawaambia wazi yanayotokea katika mitaa yetu. Mmoja alinyamaza. Mwingine akasema kwamba pamba yao ilikosa bei, mahindi yanaungua kwa jua kila msimu wa pili, na muguka ndio unaolipa ada za watoto. Sikumkubalia, nilimwambia ada ya mwanawe imetoka katika shavu la mwana wa mwenzake. Tulibishana hadi alasiri. Nakueleza ili ujue kwamba kuwapa maji si kuwanyamazia. Tena sidhani wangalinisikiliza hata dakika moja lau ningaliwaendea kutoka nyuma ya ukuta uliofungwa, na maji yangu ndani.

Kuna upande wa sheria, nao ni wako kuujua. Mwenye kutoa akiweka sharti, sharti lake huheshimiwa maadamu ni la halali. Ukitaka mchango wako uende katika bomba la udhu la ndani ya msikiti tu, ni haki yako, na thawabu ya marehemu mamako haipungui inshallah. Sisi tuliotangaza mchango hatukueleza vizuri tangu mwanzo kwamba kutakuwa na mfereji wa nje, na kosa hilo nalibeba mimi.

Nieleze basi yaliyoamuliwa, ili uchague ukijua. Mifereji minne itawekwa ndani kwa udhu, upande wa wanaume na wa wanawake. Nje kutakuwa na miwili, imeinuliwa kiasi cha mtungi kukaa chini yake bila mama kuinama sana. Hilo liliombwa na wanawake wa soko, na fundi hakulifikiria. Mwenye kunywa na mwenye kuteka kwa matumizi ya nyumbani hatalipa. Mwenye mkokoteni ateka kwa kuuza, huyo atatoa kidogo, na pesa hizo zitawekwa katika daftari kwa ajili ya pampu na mipira ya mifereji inayochakaa, maana tumeona jinsi chemchemi zinavyokauka. Hati ya kusabilia maji na kipande kile cha ardhi itaandikwa na kupelekwa kwa Tume ya Wakfu, mtu asije akaota siku moja kwamba hapo panafaa duka. Ufunguo wa tangi atakaa nao imamu, na wa pili mama mmoja anayeuza nyanya hatua kumi kutoka mferejini, Mkristo, ambaye huwa wa kwanza kufika sokoni na wa mwisho kuondoka. Kuna waliopinga hilo la ufunguo wa pili. Nilipowauliza nani kati yao atakayekuwepo saa kumi na mbili asubuhi kila siku, mjadala ukaisha.

Mzee wa Kilindini hakupata chemchemi yake ya kurusha maji. Amepata benchi mbili za saruji na mti wa mwarobaini, ambao ameahidi kuumwagilia mwenyewe. Alitaka umbo la Afrika lichorwe hata katika saruji ya chini ya mfereji, mahali maji yanapodondokea, na fundi amekubali kujaribu. Sijui litatoka vipi.

Mchango wako, mama, nimeuweka kando katika bahasha, haujaguswa. Fundi anaanza Jumatatu ijayo na bomba la ndani, kisha ukuta atautoboa siku ya Jumatano. Niandikie kabla ya hapo upande unaoutaka. Na mwanao, akikubali, nipe nafasi nije nikae naye. Nitakuja peke yangu, bila kanzu ya hotuba.

Wabillahi tawfiq.